Uvuvi wa Mchezo na Samaki wa Kesho

Wanafunzi wengi wa Dzaleka ni watoto wa watu wa maziwa. Wengine wazazi wao walitoka Uvira na Baraka kando ya Ziwa Tanganyika, wengine Bukavu na Goma penye Ziwa Kivu, wengine Bujumbura. Watoto hao wakisikia kwamba yuko mtu alipaye fedha ili apate ruhusa ya kuvua, akasimama kando ya maji tangu alfajiri mpaka adhuhuri, akampata samaki mmoja, kisha akamrudisha majini, hucheka sana. Huuliza, "Mtu huyo ametafuta nini?"

Mimi nami nilicheka hivyo nilipokuwa kijana. Baba yangu alikuwa mvuvi wa ndagala huko Baraka. Alivua usiku kwa taa, na nyumbani kwetu samaki alikuwa chakula, tena alikuwa karo ya shule na nguo za sikukuu. Mchezo hakuwa. Lakini jambo lifanywalo na watu mamilioni halifai kuchekwa tu, lafaa kusomwa. Basi katika somo hili tutaangalia uvuvi wa mchezo ni nini, ulianzaje, wafanywaje hapa Malawi, na una faida gani na madhara gani. Mwishoni yako maswali ya kujipima.

1. Maana yake

Wavuvi tunaweza kuwagawa katika mafungu matatu. Wa kwanza huvua ili wale, yeye na watu wa nyumbani mwake. Wa pili huvua ili auze. Wa tatu huvua kwa ajili ya kujifurahisha na kujipima, na huyo ndiye mvuvi wa mchezo. Mara nyingine mtu mmoja huwa katika mafungu mawili, kwa maana anayevua kwa mchezo aweza pia kumpeleka samaki wake jikoni.

Labda msomaji atauliza, mchezo uko wapi hapo? Tutazame mpira wa miguu. Mtu akitaka kuutia mpira golini kwa urahisi, angeuchukua kwa mikono akakimbia nao. Lakini akifanya hivyo, mchezo umekwisha. Sheria ya kutoushika mpira ndiyo iliyofanya uwe mchezo. Kadhalika mvuvi huyu angeweza kutega wavu na kupata samaki mia, lakini ameukataa wavu kwa hiari yake. Amechagua mshipi mmoja, ndoana moja, na samaki mmoja mmoja, ili samaki naye apate nafasi ya kushinda. Asiyefuata sheria hizo si mchezaji, hata akiwa na vyombo vya bei kubwa.

2. Ulivyoanza na ulivyoenea

Kuvua kwa fito na mshipi ni kazi ya zamani mno. Michoro ya Misri ya kale, ya miaka kama 4,000 iliyopita, yaonyesha watu wakifanya hivyo. Huko Uingereza, mwaka 1653, mfanya biashara mmoja wa London, jina lake Izaak Walton, alitoa kitabu kiitwacho The Compleat Angler, nacho chasomwa hata leo. Mwaka 1939 kikaundwa chama cha dunia nzima, International Game Fish Association, ambacho kazi yake ni kuweka sheria za mchezo huu na kuandika samaki wakubwa waliopatikana kwa njia ya haki. Kwa mfano, sangara mkubwa kuliko wote katika orodha yake alivuliwa Misri, katika Ziwa Nasser, mwaka 2000, akawa na uzito wa kilo 104 na zaidi. Huyo ni mzito kuliko watu wazima wengi.

Afrika ya Mashariki mchezo huu uliletwa na Wazungu wa siku za ukoloni. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya samaki aitwaye trauti kutoka Loch Leven, nchi ya Scotland, akayatia katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare ya Kenya, ambako maji ni baridi. Mwaka 1934 mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alikwenda Malindi kuvua samaki wakubwa wa bahari. Tangu siku hizo pwani ya Malindi, Watamu na Shimoni imejulikana kwa mbasi, nduwaro na jodari, na manahodha na mabaharia wa pwani wamepata kazi katika mashua za wageni. Huko Uganda watu huwafuata sangara chini ya maporomoko ya Murchison, katika mto Nile. Na katika mto Kongo yuko mbenga, mwenye meno kama ya mbwa, ambaye wavuvi wa mchezo husafiri kutoka nchi za mbali ili wapambane naye.

Siku hizi idadi ya wavuvi wa mchezo ni kubwa mno. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba watu milioni 220 duniani huvua kwa burudani. Huko Marekani peke yake, mwaka 2020, zaidi ya watu milioni 50 walivua. Mwaka huo ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga viwanja na majumba ya starehe, nao watu wakatafuta mchezo wa mahali pa wazi, ambao haumlazimishi mtu kumkaribia mwenzake.

3. Vyombo vyake

Vyombo vya msingi ni vichache. Kuna ufito, ambao hupinda samaki anapovuta, na kwa kupinda kwake huzuia mshipi usikatike. Kuna kigurudumu cha kukunjia mshipi. Kuna chubwi la kuzamisha, boya la kuelea, na ndoana. Mwisho kuna chambo.

Hapa tusimame kidogo, maana neno hili huwachanganya wageni wa nchi hii. Kwa Kiswahili chambo ni kile kitundikwacho ndoanani ili kumvuta samaki, kama vile nyambo au kipande cha nyama. Lakini kwa Kichewa chambo ni samaki mwenyewe, yule wa jamii ya perege, ambaye ni sifa ya Ziwa Malawi. Mtu aliyefika jana kutoka Kongo, akiambiwa sokoni Lilongwe kwamba chambo imekuwa ghali, aweza kudhani kwamba huku hata nyambo zauzwa kwa kilo.

Chambo cha mvuvi ni cha aina mbili: cha kweli, na cha kuigiza. Cha kuigiza huwa kijisamaki cha mti au cha bati, au mdudu wa nyuzi na manyoya aliyefungwa juu ya ndoana ndogo. Huyo mdudu wa manyoya ndiye atumikaye sana kuvulia trauti, kwa sababu trauti hupenda kula wadudu waangukao juu ya maji.

4. Katika nchi ya Malawi

Ziwa Malawi lina urefu wa kilometa 570 na zaidi, na kina chake chafika kama mita 700. Aina za samaki wake ni nyingi kuliko za ziwa lolote jingine duniani. Hata hivyo mvuvi wa mchezo huwatafuta wachache tu, nasi tutawataja watatu, kila mmoja na mahali pake.

Wa kwanza ni trauti, ambaye si mwenyeji. Aliletwa katika vijito vya mlima Zomba mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye akapelekwa uwanda wa juu wa Nyika, kaskazini. Nyika yapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake yampendeza samaki huyo. Watu huvua huko katika mabwawa madogo ya Chelinda, ndani ya hifadhi ya taifa.

Wa pili ni samaki wa jamii ya mbenga, mdogo kuliko yule wa Kongo lakini mkali vile vile. Yuko katika mto Shire, chini ya maporomoko ya Kapichira. Ajabu ni kwamba ziwani hayumo kabisa. Mto Shire hutoka ziwani, na katikati ya safari yake huanguka mara kwa mara juu ya miamba. Samaki atokaye chini, upande wa Zambezi, hawezi kuyapanda maporomoko hayo. Hivyo mawe ya Kapichira ni kama mpaka kati ya mataifa mawili ya samaki.

Wa tatu ndiye mpasa, na huyo ni mwenyeji hasa, kwa kuwa hapatikani nje ya ziwa hili na mito yake. Ni mweupe kama fedha, mwembamba, mwenye nguvu, na mkubwa wake hufikia kilo 4 hivi. Hukaa ziwani na kula usipa, wale samaki wadogo tunaowanunua wakavu hapa sokoni na kuwapika kama ndagala wa kwetu. Lakini mpasa hazai ziwani. Mvua zikijaza mito, yeye hupanda dhidi ya mkondo, akitafuta mahali penye changarawe safi na maji yaendayo mbio. Hapo hutaga mayai yake. Mito yake mikubwa ni Bua, Linthipe na Dwangwa. Bua hupita ndani ya hifadhi ya wanyama ya Nkhotakota, ambayo tangu mwaka 2015 yasimamiwa na shirika la African Parks, na wavuvi wa mchezo huenda huko mvua zinapopungua na maji yanapoanza kuwa meupe.

Sasa ona hatari yake. Samaki azaaye popote ni vigumu kumtega. Samaki azaaye katika mito michache, na kwa majira yajulikanayo, mtu akiziba mto kwa wavu huweza kukamata mama wote wa mwaka ule. Tena msitu ukikatwa kando ya mto, mvua huchukua udongo na kuutia mtoni; tope hujaa katikati ya changarawe, na mayai hukosa hewa yakafa. Ndiyo sababu mpasa ametiwa katika orodha ya samaki walio hatarini.

5. Namna ya kumrudisha samaki

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa Nkhotakota, alinichukua kwenda mto Bua. Tulikwenda na vibali vyetu, na sheria tuliyoambiwa ilikuwa moja: kila mpasa arudishwe. Asubuhi nzima sikupata kitu. Kisha ufito ukapinda, nikashindana na samaki mpaka mikono ikatetemeka. Nilipomtoa nilijawa na furaha, nikamlaza juu ya mchanga, nikaita wenzangu waje waone, nikataka nipigwe picha naye, kisha picha ya pili. Nilipomtia majini alilala ubavu, akachukuliwa na mkondo. Tulimkimbilia na kumshika, lakini alikuwa amekwisha kufa. Tulipompasua tulikuta tumbo limejaa mayai. Hapana aliyenilaumu, lakini njiani sikusema neno. Baba yangu, asiyejua kusoma, alipopata samaki mdogo alimtupa majini na kusema, "Huyu ni wa kesho." Mimi mwenye cheti cha ualimu nilimwua wa kesho pamoja na mayai yake, kwa ajili ya picha.

Kwa hiyo nawaandikia hapa niliyofundishwa baada ya kosa lile:

(a) Ponda kwa koleo ile ncha ndogo ya ndoana iliyoelekea nyuma, ili ndoana itoke kwa urahisi.

(b) Usimchoshe samaki kwa muda mrefu. Samaki aliyeshindana mno huishiwa nguvu, na hata akiogelea huweza kufa baadaye.

(c) Lowesha mikono kabla ya kumshika. Ute ulio juu ya magamba humlinda na maradhi, na mikono mikavu huuondoa.

(d) Usimlaze mchangani, wala usitie vidole katika matamvua yake, kwa maana hayo ndiyo mapafu yake.

(e) Mtoe ndoana angali majini. Kama ni lazima kumwinua, zuia pumzi zako mwenyewe. Utakaposhindwa, ujue naye ameshindwa.

(f) Akiwa ameimeza ndoana mpaka ndani, usivute. Kata mshipi karibu na kinywa.

(g) Mshike polepole, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, maji yapite katika matamvua. Akipata nguvu ataondoka mwenyewe.

Pamoja na hayo, mvuvi ajihadhari na nafsi yake. Mito yetu ina mamba na viboko, na penye majani ya ziwani pana konokono waletao kichocho. Usivue peke yako, wala usisimame majini usipoyajua.

6. Faida na madhara

Wanaousifu mchezo huu husema kwamba samaki aliye hai huweza kuleta fedha mara nyingi. Mvuvi wa biashara humuuza samaki mara moja. Lakini samaki arudishwaye majini huweza kumleta mgeni mwaka huu na mgeni mwingine mwaka ujao, na kila mmoja hulipa kibali, chakula, malazi na mwongozaji. Tena wavuvi hawa wamesaidia elimu. Huko Watamu shirika la African Billfish Foundation huwapa wavuvi alama za kumtia mbasi au nduwaro kabla ya kumwachilia. Akivuliwa tena mahali pengine, wataalamu hujua amesafiri wapi na amekua kiasi gani.

Lakini wako wanaoupinga, na hoja zao si nyepesi. Wa kwanza husema kwamba si haki kumtia kiumbe maumivu kwa kujifurahisha. Ujerumani sheria ya kulinda wanyama yakataza kumwumiza mnyama bila sababu ya maana. Kwa hiyo hairuhusiwi kuvua kwa nia ya kurudisha tu, na mtu hufanya mtihani kabla ya kupewa cheti cha kuvua. Uswisi nayo iliweka katazo la namna hiyo mwaka 2009. Kwao, avuaye sharti awe na nia ya kula.

Wa pili hukumbusha habari ya Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1950 sangara alitiwa katika ziwa lile, na mojawapo ya sababu ilikuwa tamaa ya kupata samaki mkubwa wa kuvuliwa kwa mchezo. Sangara alikua, akaleta viwanda na biashara, lakini alikula furu wa asili, na aina nyingi mno za furu zikatoweka. Kitu kilichopotea namna hiyo hakirudi.

Wa tatu huuliza swali la haki: mto ukifungwa ili mgeni avue kwa raha, mwenyeji aliyekuwa akila samaki wa mto huo atakula nini? Mimi naona swali hili ndilo kubwa kuliko yote. Mwenye njaa haambiwi arudishe samaki wake. Lakini naye mwenye njaa, akiziba mto wakati wa kuzaa, atakuwa na njaa zaidi mwaka ujao. Wazee walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Basi mapatano mema ni yale ambayo fedha za vibali huwafikia wanakijiji, nao huchagua wenyewe walinzi wa mto, na sheria humbana mgeni kama imbanavyo mwenyeji.

7. Sisi yatuhusu nini?

Mwanafunzi wa Dzaleka aweza kusema, "Mimi siwezi kusafiri bila kibali, wala sina fedha za ufito. Habari za mpasa zanihusu nini?" Yako majibu mawili.

La kwanza, wako kati yetu watakaohamia nchi nyingine. Kijana mmoja aliyetoka hapa kwenda Marekani alivua samaki watatu katika ziwa la karibu, kama alivyofundishwa na babu yake. Akaja askari wa wanyama, akaomba leseni, akatoa rula, akapima samaki. Leseni hapakuwa, na samaki wawili walikuwa wafupi kuliko sheria. Faini yake ilimla mshahara wa siku nyingi. Popote uendapo, uliza sheria ya maji kabla ya kutia ndoana.

La pili li karibu zaidi. Mto Lingadzi hupita kati ya City Centre na mji wa zamani wa Lilongwe. Lingadzi huingia mto Lilongwe, Lilongwe huingia Linthipe, na Linthipe huingia ziwani katika wilaya ya Salima. Huo ndio mmoja wa mito ya mpasa. Vijito vya Dowa navyo mwisho wake ni ziwa hilo hilo. Mfuko wa plastiki utupwao City Centre waweza kumfikia mpasa, na udongo wa shamba lililolimwa mpaka ukingoni wamfikia kwa hakika. Basi aachaye majani na miti kando ya kijito, akalima matuta yakatizayo mteremko, amemrudisha samaki majini, ingawa hajashika ufito maisha yake yote.

Maswali

1. Taja mafungu matatu ya wavuvi. Je, mtu aweza kuwa katika mafungu mawili? Toa mfano wa mtu umjuaye.
2. Neno chambo lina maana gani kwa Kiswahili na kwa Kichewa? Tafuta maneno mengine mawili yafananayo kwa sauti lakini tofauti kwa maana.
3. Kwa nini samaki wa jamii ya mbenga hayumo Ziwa Malawi?
4. Eleza jinsi tope linavyoua mayai ya mpasa.
5. Chora ramani ya mito kutoka City Centre mpaka ziwani, ukiandika majina yake.
6. Mdahalo: "Kuvua samaki na kumrudisha ni ukatili kuliko kumvua na kumla." Nusu ya darasa ikubali, nusu ikatae.
7. Muulize mzee mmoja wa nyumbani jinsi samaki walivyovuliwa kwao, na kama palikuwa na majira ya kukatazwa. Andika majibu yake katika insha ya kurasa mbili.